Malighafi Humfuata Fundi: Historia ya Vielelezo na Plastiki Katika Ukanda wa Dhahabu

Kata ya Nyasubi imo ndani ya Manispaa ya Kahama, mji uliokaa kwenye barabara kuu itokayo Isaka kwenda Rusumo na Rwanda, katikati ya nchi ya mpunga, pamba, ng'ombe na dhahabu. Katika mji wa namna hii hakosekani mtu anayetaka kuunda kielelezo cha kitu kikubwa kwa vipimo vidogo: mwanafunzi aliyepewa kazi ya kujenga nyumba ya mfano, mwalimu anayetaka kuonesha jinsi shimo la mgodi linavyokatwa ngazi kwa ngazi, mchora ramani anayetaka mteja aione nyumba kabla ya msingi kuchimbwa, kijana anayeipenda Scania kiasi cha kutaka kuiunda upya pamoja na kila taa yake. Wote hukutana na swali moja. Bamba la plastiki, jembamba, bapa, linalokatika kwa kisu na kushika gundi, litapatikana wapi kwa bei inayolipika? Jibu jepesi ni kwamba liko Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka hapo, au liko ng'ambo, na asiye na fedha ya kuliagiza aache. Makala hii inatetea jibu jingine. Historia ya nchi hii, tangu enzi za misafara hadi leo, inaonesha kwamba malighafi ya vielelezo haikuwahi kushuka bei kwa kuletwa dukani peke yake. Ilishuka bei kila mara watu walipojifunza kuichambua, kuikata na, zaidi ya yote, kuiunga. Pale maarifa ya kuunga yalipokosekana, malighafi iliyokuwa tele iliishia jalalani. Plastiki imejaa Kahama, lakini maarifa yake yamefika nusu, na tatizo liko katika nusu iliyobaki.

Malighafi ya kwanza ilikuwa udongo na mabua. Watoto wachungaji wa Usukuma na Unyamwezi wamefinyanga ng'ombe wa udongo kwa vizazi vingi, na katika kufinyanga huko walitofautisha dume na jike, nundu na pembe, kwa sababu walijua mifugo yao kwa sura. Udongo huungwa kwa maji, na hakuna elimu nyingine inayohitajika. Bua la mtama lilidai ujuzi zaidi. Gamba lake ni gumu na kiini chake ni laini. Mtoto hulichubua gamba, akalichonga kuwa vijiti vyenye ncha, kisha akavitumia vijiti hivyo kuunga vipande vya kiini mpaka vikawa gari, baiskeli au nyumba. Mmea mmoja ulitoa bamba na msumari wake. Mbao zilikuwa na wataalamu wake: vikundi vya ngoma vya Wasukuma vilichongesha sanamu zenye viungo vinavyocheza, zikatumika katika mashindano kuvuta watazamaji. Lakini isidhaniwe kwamba mti ulikuwa wa bure kwa kila mtu. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa upana mkubwa ili kupambana na mbung'o, kazi iliyohusishwa na Charles Swynnerton na kituo chake cha utafiti Shinyanga, na baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu ya miti iliyosalia. Hali ilifikia mahali ambapo mwaka 1986 Serikali ililazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kurudisha miti na kufufua ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Kahama, hasa upande wake wa magharibi, ilibakiwa na miombo zaidi, lakini kwa sehemu kubwa ya mkoa ubao ulikuwa kitu cha kutafutwa. Kwa hiyo tangu zamani mjenzi wa vielelezo wa huku alitazama kwanza kile ambacho biashara ya zama zake ilikiacha nyuma.

Biashara ya kwanza kubwa kuacha kitu ilikuwa ya misafara. Katika karne ya 19 njia ya kaskazini kutoka Tabora kwenda Uzinza, Karagwe na Buganda ilipita katika nchi ya Wanyamwezi wa kaskazini na Wasumbwa, ambayo sehemu yake ndiyo Kahama ya leo. John Speke na James Grant waliipita mwaka 1861. Misafara ilibeba kitambaa, shanga na waya, na kwa vitu hivyo hivyo ililipa hongo kwa watemi. Waya wa shaba ulifika ukiwa fedha na pambo, na haukumshinda mwenye kuupokea kwa sababu nchi hii ilikuwa na wahunzi tayari. Warongo wa upande wa Geita walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Mikono iliyokwisha kuzoea chuma ilijua waya unapinda wapi na unakatika wapi. Hapa tunaiona kanuni kwa mara ya kwanza: kitu kigeni hakikubaki kigeni, kwa kuwa palikuwa na elimu ya kukipokea. Waya ulipokuja kuwa wa kawaida, kutoka kwenye uzio, matairi yaliyoungua na mabaki ya ujenzi, watoto wa mjini na vijijini waliurithi na kuunda magari yenye usukani mrefu wa kuongozea kwa kusimama. Gari la waya ni mchoro uliosimama: mistari yake ndiyo kingo za bodi, na anayeliangalia hutambua kama ni lori la Isuzu au ni Land Cruiser. Waya huungwa kwa kuzungushwa, na kuzungusha hakuhitaji moto wala gundi. Ndiyo maana ulienea kila mahali.

Kisha ikaja bati. Mafuta ya taa yalisafirishwa kwenda sehemu nyingi za Afrika na Asia yakiwa katika makopo ya mraba ya galoni 4, yaani takriban lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza kupitia Isaka na Shinyanga lilipokamilika mwaka 1928, debe likawa kitu cha kila soko. Likawa hata kipimo cha nafaka, na limebaki hivyo mpaka leo. Debe tupu likikunjuliwa hutoa mabamba bapa yenye unene unaolingana, laini kwa mkasi. Hilo ndilo hasa mjenzi wa vielelezo analolitafuta leo katika plastiki. Lakini lisingekuwa na thamani kama lingekosa wa kuliunga. Fundi bati alikuja na lehemu, nyundo na namna ya kukunja kingo mbili zikashikana bila hata lehemu. Kutokana na ujuzi huo zilitoka koroboi, vipimo vya mafuta, masanduku na mapipa ya kuhifadhia, na pembeni mwa kazi hiyo yakatoka magari na ndege za kuchezea watoto. Fundi alitafuta riziki kwa vitu vya nyumbani, vielelezo vikazaliwa katika mabaki ya mabaki. Jambo la kukumbuka ni kwamba debe lilipata bei ya pili, bei ya debe tupu, kwa sababu mafundi walilitaka. Kilichoshusha gharama ya bamba la bati kwa mtoto wa fundi ni kule kukaa karibu na karakana na kuona lehemu ikimiminwa.

Plastiki ilifika kwa wingi ikiwa imechelewa na kwa ghafla. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliingia katika uhaba mkali wa bidhaa. Sabuni, nguo na mafuta ya kula vilikuwa vitu vya foleni, na mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kupambana na uhujumu uchumi. Mwaka 1984 milango ya kuagiza bidhaa kwa fedha binafsi ilianza kufunguliwa, na tangu mwaka 1985, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, biashara ililegezwa zaidi. Katika mafuriko ya bidhaa yaliyofuata yalikuja madumu, mabeseni, ndoo, ndala na yeboyebo. Watoto walipokea malighafi hiyo bila kungoja mwalimu. Ndala iliyochakaa ilitoa magurudumu, kwa kuwa hukatika kwa wembe ikawa duara na hushika mhimili wa kijiti. Dumu la mafuta lililopasuka lilitoa bodi ya gari. Hata hivyo, anayedhani dumu ni takataka hajaishi huku: dumu zima ni chombo cha maji, maziwa, mafuta ya taa na pombe, na lina bei yake sokoni. Halifiki mikononi mwa mtoto mpaka liwe limepasuka mahali pasipozibika. Na likifika, mtoto hukutana na mpaka ambao waya na bati havikuwa nao. Bamba la dumu hukatika vizuri, hupinda vizuri, lakini halikubali gundi. Ataliunga kwa msumari wa moto, waya au uzi, na kielelezo chake kitabaki cha kushonwa, chenye mapengo katika kila pembe. Wengi wameishia hapo na kuhitimisha kwamba plastiki yote iko hivyo.

Hitimisho hilo ni kosa, na chanzo chake kiko katika jinsi plastiki zenyewe zilivyozaliwa. Politheni iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza. Aina yake ngumu, inayotumika kutengenezea madumu, ilitokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953, na polipropilini ikafuata mwaka 1954 kwa kazi ya Mwitaliano Giulio Natta. Hawa ni ndugu wa ukoo mmoja: uso wao una asili ya nta, na gundi za kawaida huteleza juu yake. Polistairini ni ukoo mwingine kabisa. Ikipakwa kiyeyushi kinachofaa, nyuso mbili hulainika, huingiliana, kiyeyushi huruka hewani, na vipande viwili hubaki kimoja. Kwa sifa hiyo peke yake polistairini iliitawala dunia ya vielelezo. Vielelezo vya kwanza vya plastiki vya kuunganishwa, ndege za Frog Penguin za mwaka 1936 kwa skeli ya 1:72, vilikuwa vya plastiki ya selulosi. Kampuni ya Airfix ilitoa trekta la Ferguson mwaka 1949 na meli ya Golden Hind mwaka 1952, na kuanzia hapo polistairini ikashika njia. Na kwa nini ilikuwa rahisi kwa bei? Kwa sababu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikubwa vya staireni vilijengwa, hasa Marekani, kwa ajili ya mpira wa kutengenezwa. Vita vilipoisha, staireni ilikuwa nyingi kuliko mahitaji. Bamba la bei nafuu la mjenzi wa Ulaya na Marekani nalo lilikuwa masalio ya uchumi mwingine. Tofauti yake na sisi ni kwamba gundi yake ilikuja pamoja nalo, na maelezo ya kuitumia yakachapishwa kwenye karatasi ndani ya boksi.

Sasa tuangalie Kahama ilivyo. Polistairini ipo, na imekuwepo kwa miongo kadhaa, ila haijaitwa kwa jina lake. Maganda ya televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, mengi yake ni polistairini iliyoimarishwa. Bitana ya ndani ya friji mbovu ni polistairini au jamaa yake wa karibu. Makasha ya redio za kaseti, makasha magumu ya sidii na vijiko vyeupe vya kutupa navyo hutoka kwenye ukoo huo mara nyingi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na katika miaka iliyofuata televisheni bapa zilishuka bei. Televisheni za mgongo zikarundikana kwa mafundi. Fundi redio huchukua shaba na vipuri, kisha ganda hutupwa au huchomwa. Ganda hilo lina unene wa takriban milimita 2 hadi 3, na sehemu zake bapa zinatosha kujenga nyumba. Namna ya kulitambua haihitaji maabara. Kipande cha dumu au cha polipropilini huelea katika maji ya kawaida, polistairini huzama. Maji yakitiwa chumvi mpaka isiyeyuke tena, polistairini huelea na plastiki ya mabomba hubaki chini. Kisha tone la thina juu ya kipande kilichoelea kwenye chumvi: kikinata na kulainika, hicho ndicho kinachoungika. Nchi nzima inayoishi kwa kuosha dhahabu kwenye karai, ikiuacha mchanga uende na maji na dhahabu ibaki kwa uzito wake, haiwezi kusemwa kwamba kanuni ya kutenganisha vitu kwa uzito ni ngeni kwake. Mchimbaji mdogo wa Geita anaijua kwa vidole. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonesha kwamba ndoo ya plastiki chakavu huoshwa kwa akili ileile.

Malighafi ya pili ya Kahama ya leo ni bomba. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama ulizinduliwa mwaka 2009, na baada yake uunganishaji wa maji majumbani ulieneza mabomba ya plastiki katika mitaa. Kila fundi bomba huacha vipande. Bomba gumu la PVC likipasuliwa kwa urefu na kulainishwa kwa joto la wastani, kama nyuzi 80 au zaidi kidogo, hufunguka na kulazwa chini ya ubao mzito likawa bamba. Bamba hilo huungwa kwa gundi ileile ya bomba ambayo fundi anayo mfukoni, kwa kuwa nayo hufanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili. Hapa historia ya debe inajirudia karibu neno kwa neno. Kuna bidhaa iliyokuja kwa kazi nyingine, kuna masalio bapa au yanayoweza kufanywa bapa, na kuna fundi ambaye tayari anajua kuunga. Kilichotokea kwa bati ni kwamba fundi na mtoto walikaa kwenye kibaraza kimoja, ujuzi ukavuka. Fundi bomba wa leo hufanya kazi kwenye mitaro ya watu, huondoka na gundi yake, na mtoto hubaki na kipande asichojua kukifanyia nini. Kibaraza kimekufa, na hakuna taasisi iliyochukua nafasi yake.

Hoja hii hukutana na mapingamizi matatu. La kwanza husema kwamba haya yote ni midoli, wala si vielelezo vya vipimo. Kielelezo halisi, wanasema, kinadai bamba lenye unene unaojulikana na sare, na takataka haiwezi kutoa hilo. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba bamba la kiwandani lina unene sare kuliko ganda la televisheni. Lakini skeli ni hesabu, haikai ndani ya bamba. Ukuta wa tofali la milimita 150 ukijengwa kwa skeli ya 1:50 unakuwa milimita 3, na ganda la televisheni linautosha. Kwa bamba la milimita 2, chagua 1:75. Basi la mita 12 kwa 1:50 ni sentimita 24. Mwanafunzi aliyejifunza skeli kwenye ramani ya 1:50,000 anazo hesabu zote anazohitaji. Anachopaswa kufanya ni kupima bamba kwanza, kisha kuchagua skeli inayolifaa, badala ya kuchagua skeli kwanza na kulia kwamba bamba halipatikani. Na kuhusu midoli, anayepinga atazame tena gari la waya. Uwiano wa kichwa cha lori na tela lake, nafasi kati ya magurudumu, mwinamo wa kioo, vyote huwekwa kwa jicho lililofanya mazoezi. Rula ikiongezwa juu ya jicho hilo, kitakachotoka ni kielelezo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la afya. Ukanda wa dhahabu una plastiki ambazo mtoto hapaswi kuzigusa kabisa. Chombo chochote kilichotoka kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu kwa sianidi, au kilichobeba zebaki, kisiwe malighafi ya kitu chochote, hata kikioshwa mara ngapi. Vivyo hivyo madumu ya viuatilifu vya pamba. Bomba la PVC likiungua hutoa gesi kali ya hidrojeni kloraidi, kwa hiyo lilainishwe kwa maji ya moto au hewa ya moto, kamwe si kwenye mwali. Maganda mengi ya televisheni yametiwa kemikali za bromini za kuzuia moto, basi yakatwe kwa kisu na kuvunjwa kwenye mkato, yasichomwe wala kusagwa vumbi. Thina na gundi hushika moto na huumiza kichwa na mapafu; zitumike mahali pa wazi, mtu mzima akiwa pale. Hatari hizi ni za kweli, ila tuone zinatufundisha nini. Leo maganda hayohayo yanachomwa kwenye majalala, na moshi wake unavutwa na watoto walewale ambao tunaogopa kuwafundisha. Kutokujua hakujamkinga mtu yeyote. Sheria nayo haizuii kazi hii: katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, halikuhusu maganda, mabomba wala madumu. Anayeijua plastiki kwa jina lake anajua pia ipi aiache.

Pingamizi la tatu linatoka moyoni, na linastahili heshima kuliko yote. Nchi hii imetoa almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940, imetoa dhahabu ya mgodi wa zamani wa Geita mpaka ulipofungwa mwaka 1966, kisha dhahabu ya mgodi mpya wa Geita, ya Bulyanhulu na ya Buzwagi, mgodi uliochimbwa mlangoni mwa Kahama kuanzia 2009 hadi 2021. Je, mtoto wa nchi kama hiyo afundishwe kwa masalio ya jalala? Je, si kumsifia umaskini wake? Jibu ni kwamba anastahili bamba zuri la dukani, na shule yake inastahili bajeti ya kulinunua. Hakuna neno katika makala hii linalomwondolea yeyote wajibu huo. Lakini kutumia masalio hakujawahi kuwa alama ya watu waliokubali kushindwa. Mwishoni mwa mwaka 1945, Japani ikiwa imeteketea, Matsuzo Kosuge alianza kuunda magari madogo ya jeep ya bati huko Otsu kwa makopo yaliyotupwa na majeshi ya Marekani, na kazi za namna hiyo zikawa sehemu ya mwanzo mpya wa viwanda vya midoli vya nchi hiyo. Walichorithi hakikuwa makopo; kilikuwa ustadi wa kukata, kukunja na kuunga, ambao ulibaki nao siku makopo yalipoisha na malighafi bora ilipofika. Bamba la kiwandani likiletwa Nyasubi kesho bila ujuzi huo, litaharibiwa kwa gundi isiyofaa na kuishia kulekule yaliko maganda ya televisheni.

Shule ilikuwa na nafasi ya kuwa kibaraza kipya, na kwa sehemu kubwa iliikosa. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka shule iungane na kazi za jamii inayoizunguka. Utekelezaji wake ulielemea shambani. Jembe likawa ndilo kujitegemea, na karakana ikabaki ya shule chache. Walimu waliozalishwa kwa haraka wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, miaka ya 1970, walihimizwa kutengeneza zana za kufundishia kutokana na mazingira yao, na walifanya hivyo kwa vizibo, mbegu, udongo na makasha ya karatasi. Plastiki ilipoijaza nchi baadaye, mazingira yalikuwa yamebadilika, lakini orodha ya zana haikubadilika nayo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, zimefundisha chuma, mbao, umeme na ushonaji kwa maelfu. Kuchambua na kuunga plastiki hakujapata heshima ya ufundi kamili. Leo kuna mlango mwingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Maonesho ya wanasayansi chipukizi yaliyoanza mwaka 2012, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU yaliyoanza mwaka 2019, yanawataka vijana walete wazo wakiwa wameliunda, lionekane na lishikwe.

Kwa hiyo hukumu ya historia hii iko wazi. Waya, bati na ndala vilikuwa vigeni, vikawa vyetu siku tulipojua kuviunga. Bamba la plastiki la bei nafuu lipo tayari Nyasubi, kwenye kibanda cha fundi redio, kwenye mabaki ya fundi bomba na nyuma ya karakana ya mafriji, na linachomwa kila wiki. Mwalimu wa amali asingoje shehena. Awaite mafundi hao watatu darasani kwa siku moja, aweke ndoo ya maji na ndoo ya maji ya chumvi, aandike ukutani ni plastiki gani inaungwa na nini na ipi isiguswe, kisha awape wanafunzi rula na skeli. Wazazi na wamiliki wa migodi wachangie kisu kizuri, miwani ya kukinga macho na, ndiyo, bamba la dukani pia. Halmashauri iwape mafundi redio mahali pa kukusanyia maganda badala ya kuyatia moto. Gharama ya mambo hayo ni ndogo kuliko gharama ya kizazi kingine kitakachoamini kwamba kila kitu cha kujengea kinatoka mbali.